Wachezaji 17, Nafasi Nane Tu

Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo, ambako maji ya moto huporomoka kutoka mwambani, hakuna anayesimama na karatasi mkononi kuamua nani acheze edonga. Watu hupiga makofi, huruka, na mwanamume huinua mikono kuiga pembe za dume wake ampendaye, akimwimbia wimbo wake mwenyewe.

Je, msomaji, kijana huyo akitaka kucheza kwa mshahara itakuwaje? Hapo ndipo atakapokutana na foleni.

Foleni hiyo ndiyo kiini cha A Chorus Line, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo ulioingia Broadway, New York, Julai 1975. Wachezaji 17 wamepangwa mstari mmoja. Nafasi ni za wanaume wanne na wanawake wanne. Tena hatafutwi nyota hapa. Wanatafutwa wa kucheza nyuma ya nyota!

Muziki ni wa Marvin Hamlisch na maneno ni ya Edward Kleban. Wimbo wa kwanza huanza na piano ya mazoezi, mwalimu akihesabu hatua, huku wasailiwa wakiimba kile ambacho kila mtafuta kazi huomba moyoni. Baadaye wanawake watatu wanaimba jinsi darasa la baleti lilivyowaficha na shida za nyumbani. Nadhani hapo ndipo Hamlisch aliposikia vizuri zaidi: baleti inasifiwa kwa sauti tamu, lakini uchungu wa utotoni haufichiki.

Na si hadithi za kubuni tu. Januari 1974 Michael Bennett, aliyeuongoza mchezo huo, alikaa na wachezaji dansi usiku kucha, wakasimulia maisha yao mbele ya kinasa sauti. Haki ya kuzitumia simulizi hizo waliiuza kwa dola moja kila mmoja. Naam, dola moja! Mchezo ulidumu Broadway hadi Aprili 1990, maonyesho 6,137. Bennett alikubali baadaye kuwagawia sehemu ya mapato yake, lakini wengine walinung'unika kwa miaka mingi.

Simulizi nzito kuliko zote haikutungiwa wimbo. Ni ya kijana Paul, iliyotokana na maisha ya Nicholas Dante, mmoja wa waandishi wa mchezo. Anaongea tu, ukumbi kimya. Muda mfupi baadaye goti lake linaumia, naye anaondolewa. Waliobaki wanaulizwa watafanya nini siku watakaposhindwa kucheza.

Wanane wanachaguliwa. Kisha wote, hata walioachwa, wanarudi na nguo za rangi ya dhahabu na kofia zinazofanana, wakirusha miguu pamoja katika wimbo wa kumsifu nyota asiyeonekana. Baada ya kuwasikiliza kwa saa mbili, ukiwa kitini huwezi tena kumtambua yeyote.