Kukataa Bila "Hapana": Maneno ya Mpita Njia kwa Mchuuzi Jijini Nairobi

Mgeni anayezuru Nairobi hukutana na wachuuzi kabla hajazoea majina ya barabara. Atokapo hotelini akielekea Soko la Jiji katika barabara ya Muindi Mbingu, au apitapo katika soko la Wamasai, ambalo kwa miaka mingi lilitandazwa siku za Jumamosi katika uwanja wa magari karibu na Mahakama Kuu, huitwa kwa maneno ya ukaribisho: "Karibu, mama. Karibu uangalie, kuangalia ni bure." Aghalabu vitabu vya mazungumzo humpa jibu moja tu, nalo ni "hapana". Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jibu hilo, ijapokuwa ni sahihi kisarufi, halimfai, na ni maneno yapi wenyeji huyatumia mahali pake.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Kwa umbo, "hapana" ni kikanusho cha "pana": ha- ya ukanushi, pa- ya mahali, na -na. Maana yake ya asili ni kwamba mahali fulani hamna kitu. Si neno la kumkatalia mtu. Matumizi yake kama jibu ni Kiswahili fasaha siku hizi, wala sipendekezi liachwe. Lakini huku bara neno hili lina historia nyingine. Katika Kisetla, yaani Kiswahili cha mashamba ya walowezi, lilibeba ukanushi wote: "mimi hapana taka", "yeye hapana kuja". Kiswahili cha namna hiyo kilifundishwa hata vitabuni. Katika miaka ya 1930 F. H. Le Breton alitoa kitabu chake Up-Country Swahili kwa ajili ya askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Sidai kwamba kila mchuuzi huyakumbuka hayo, maana wengi walizaliwa baada ya uhuru. Nasema tu kwamba "hapana" tupu, isiyo na "mzee" wala "dada", ikitoka kinywani mwa mgeni kwenda kwa mtu mzima, ina mlio ambao msemaji hausikii.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili ilinichukua muda kuzoea kwamba huko "hapana, asante" humaliza maneno bila mtu kuudhika. Mwenzangu mmoja wa siku hizo alipokuja kunitembelea, nilimpitisha katika Bustani ya Jeevanjee. Mzee mmoja mwenye vinyago alimkaribisha, naye akajibu "hapana" pasipo kupunguza mwendo. Mzee hakutaja bei wala hakutufuata. Alisema tu, "Basi nisalimie." Mgeni aliniuliza amesema nini, nami nikaona haya kumfasiria.

Wahenga walinena kwamba uso umeumbwa na haya. Brown na Levinson, katika nadharia yao ya mwaka 1978 iliyotolewa upya kama kitabu mwaka 1987, nao waliutumia uso kuelezea adabu ya lugha: kila mnenaji hutaka asiingiliwe katika shughuli zake, na pia hutaka athaminiwe na wenzake. Mgeni wangu aliilinda haja yake ya kwanza. Mzee aliomba ya pili.

Tukilichunguza neno "karibu" tunaona ugumu unapoanzia. Mchuuzi alitamkapo huwa amejifanya mwenyeji, na kibanda chake kimekuwa nyumba. Kwa hiyo wenyeji humkatalia kwa maneno yale yale ambayo mtu hukatalia chakula. Anayekaribishwa chai akisema "asante" peke yake huenda akamiminiwa kikombe. Lazima aongeze "nimeshiba". Sokoni vilevile: "Asante, mzee, nimeshapata." Kiambishi -mesha- hueleza kwamba jambo limekwisha kutimia. Bidhaa haikudharauliwa, muuzaji hakukosea. Ila amechelewa tu. "Sitaki", kwa upande mwingine, huiweka sababu katika utashi wa msemaji, na ndiyo maana huuma. "Sina pesa" huonekana kuwa na upole, lakini ni mtego kwa anayeitumia, kwani jibu lake ni "Uko na ngapi?" na hapo mapatano yamekwisha kuanza. Kuuliza bei kwa udadisi mtupu kuna hatari iyo hiyo.

Jibu linalopendwa kuliko yote ni "nitarudi", au "nikirudi nitanunua". Wasemaji wote wawili hujua kwamba -ta- hapa haitoi ahadi. Hata hivyo jibu hili lina mipaka ya mahali. Katikati ya jiji, ambako mchuuzi wa mkononi huhamahama akiwakwepa askari wa jiji, halidai malipo. Mbele ya hoteli, ambako muuzaji yuko kila siku, deni hukumbukwa: "Ulisema jana utarudi." Na huko magharibi, katika vituo vya matatu vya Westlands na Kangemi, mkazi anayempita mwuza mboga yule yule jioni zote hathubutu kusema "kesho" siku tatu mfululizo. Yeye husema, "Leo bado ziko za jana." Kwa maoni yangu hili ndilo jibu la adabu kupita yote, maana linadokeza kwamba za jana zilinunuliwa hapo.

Matapeli ni suala jingine. Vitabu vya wasafiri vimeonya kwa muda mrefu juu ya kijana nadhifu wa katikati ya jiji, ajitambulishaye kuwa mwanafunzi mkimbizi, aombaye mazungumzo kidogo juu ya chai. Baadaye hutokea watu wanaojidai kuwa polisi, wakimshtaki mgeni kwa kumsaidia mhalifu. Chambo chake ni salamu, kwa sababu kutoitika salamu ni utovu wa adabu. Lakini adabu humtaka mtu aitikie tu, haimtaki asimame. "Salama, ndugu yangu, nina haraka kidogo," husemwa miguu ikiendelea kwenda. Mchuuzi wa kweli aliyejibiwa hivyo kwa kawaida husema "Haya, siku njema," akamgeukia mwingine. Tapeli huongeza swali la pili: "Unatoka nchi gani?" Hilo halina haja ya kuitikiwa.