Kicheko cha Mzee ni Afya

Ndugu mkulima, ng'ombe wako akikataa kula, unamwita daktari wa mifugo siku ile ile. Je, baba yako akikaa mwezi mzima bila kucheka, unafanya nini?

Katika skimu zetu kila jamaa hukaa katika shamba lake, mbali na jirani. Asubuhi watoto huenda shule, nanyi huenda kukama na kupalilia. Mzee hubaki peke yake na redio.

Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walitoa habari za wazee 20,934 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Ugonjwa wa moyo na kiharusi ulionekana zaidi kwa wale ambao karibu hawacheki kamwe kuliko kwa wale wanaocheka kila siku. Hii haionyeshi kwamba kicheko ndicho kinga; huenda ugonjwa wenyewe ndio unaomwondolea mtu kicheko. Basi kwa vyovyote, mzee aliyeacha kucheka asipuuzwe.

Fanya hivi. Mpe kazi nyepesi karibu na watu, kama kupukuchua mahindi au kuchambua maharagwe. Jioni watume wajukuu wakaketi naye. Siku ya soko, mchukue akaonane na wazee wenzake. Akizidi kunyamaza, mpeleke hospitali apimwe presha. Dawa alizopewa asiziache, kwa maana kicheko si badala ya dawa.

Kazi hii haitaki mbegu wala mbolea. Anza leo jioni.