Hakuna Kodi Ushago? Tulihesabu Mwaka Mzima wa Nyumba Moja Kiogoro

Kuna maneno tunayasikia sana kutoka kwa wateja wetu wanaofanya kazi za kompyuta: "Nikijenga nyumbani, kodi ya nyumba imeisha. Nitaokoa." Yanasemwa kwa uhakika kiasi kwamba hata sisi tulikuwa tumeyazoea. Hebu basi tuyapime kwa pesa halisi, tukasema.

Tukaenda wadi ya Kiogoro, eneo bunge la Nyaribari Chache, karibu na mji wa Kisii, kwa mteja aliyekubali kutufungulia taarifa ya miezi 12 ya laini yake ya simu. Sharti lake lilikuwa moja, jina lake lisitokee. Majirani wanamwita Injinia, basi na sisi tutamwita hivyo. Anaandika programu kwa kampuni iliyo Nairobi ambayo wateja wake wengi wako Marekani, na anafanyia kazi nyumbani kwake: vyumba vitatu vya kulala, matofali ya kuchoma, mabati ya rangi ya damu ya mzee, migomba mpaka mlangoni.

Nyumba aliijenga mos mos kwa miaka minne, kwa pesa taslimu. Si kwamba hakutaka mkopo. Shamba bado liko kwa jina la babu yake, ambaye ni marehemu, na hakuna benki itakayokupa mkopo wa nyumba kwa hati miliki ya mtu aliyefariki. Kwanza kuna kesi ya urithi mahakamani, halafu sorveya, halafu idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Wengi mnaosoma hapa mnajua hadithi hii. Kwa ripoti za Benki Kuu, mikopo ya kununua au kujenga nyumba nchi nzima ni takriban 30,000 tu, kwa hivyo mjengo wa mfukoni ndio kawaida yetu. Na kwenye hati yake ya mshahara bado anakatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba za bei nafuu, awe na nyumba au asiwe nayo. Hilo analisema huku akicheka, lakini si kicheko sana.

Nairobi alikuwa analipa kodi ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 240,000. Tukakaa naye kwenye veranda na kalamu nyekundu, tukapitia taarifa mstari kwa mstari, tukizungushia duara kila shilingi iliyokwenda kwa nyumba. Mjengo wenyewe hatukuuhesabu. Gesi na intaneti ya kila mwezi tukaziacha pia, kwa sababu hata Nairobi alikuwa akizilipia.

Jumla ilifika 234,600.

Alinyamaza kidogo, akachukua kikokotoo chake mwenyewe akarudia. Ikaja ile ile. Kwa mwaka mzima alikuwa ameokoa shilingi 5,400.

Pesa zilienda wapi

Tokeni za stima zilimgharimu 36,000, bando za simu za akiba intaneti ikilala 9,600, na kijana wa kufyeka na kuangalia boma 24,000. Hizo ni 5,800 kila mwezi na hazimshtui mtu. Zilizobaki ndizo zilizokuja bila hodi. Tangi la lita 5,000 pamoja na gata ni 58,000. Betri na paneli ya sola ya kushikilia kazi stima ikipotea, 46,000. Radi ilimla 27,500. Kupaka upya ukuta uliofyonza unyevu ni 19,000, kurekebisha paa 8,500, na mchango wa majirani wa kumwaga moramu njiani baada ya mvua 6,000.

Kuna mwezi nyumba ilikula 5,800 peke yake. Kuna mwingine ilikula zaidi ya 60,000. Na hapa ndipo tunaona watu wanajidanganya. Kodi ya nyumba ina tabia moja nzuri: inajulikana. Tarehe yake iko, kiasi chake kiko. Nyumba yako mwenyewe haina tarehe, lakini mshahara wako bado unaingia mara moja kwa mwezi.

Haki itendeke, lakini. Tangi na sola hatanunua tena mwaka huu. Ukiziondoa hizo 104,000, zinabaki 130,600, yaani kama 10,900 kwa mwezi, karibu nusu ya kodi ya Nairobi. Kwa hivyo maneno ya "nitaokoa" si uongo. Ni ya mwaka wa pili.

Tangi, tukiwa hapo, tunalitetea. Kisii mvua si shida. Paa la mita mraba 80 likipata mvua ya milimita 10 linaweza kukupa hadi lita 800, kama gata zimefungwa vizuri. Tangi lake hujaa kwa mvua kama ya milimita 63 hivi, ambayo kule inaweza kunyesha ndani ya siku chache za Aprili. Kabla ya hapo alikuwa akilipa boda boda kwa kila mtungi.

Laptopu haina makosa

Injinia alikuwa ameamini kwamba tokeni zinaisha haraka kwa sababu anashinda nyumbani na kompyuta. Tukafanya hesabu. Laptopu ya wati 60 ikiwaka saa 9 inakula uniti 0.54. Hita ya papo kwa hapo ya bafuni, ya wati 5,000, inakula uniti 0.83 kwa dakika 10 tu. Watu watatu wakioga maji moto asubuhi, hizo ni uniti 2.5 kabla hajafungua barua pepe hata moja.

Inafaa kulijua hili kwa sababu bei ya uniti haifanani kwa kila nyumba. Kenya Power huangalia wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu: nyumba zinazotumia hadi uniti 30 kwa mwezi ziko kundi la chini, zinazovuka 30 hadi 100 ziko la kati, na zinazozidi 100 zinalipa bei ya juu kabisa. Injinia alikuwa anagusa 100. Tangu apunguze hita, na kuwashia jiko la kuni maji ya kuoga ya jioni, ameshuka chini ya mpaka huo.

Ukinunua tokeni, usifute ile SMS. Inakuonyesha kando kiasi kilichonunua uniti na kiasi kilichokwenda kwa gharama nyingine, ambazo ndani yake kuna VAT ya asilimia 16 na tozo ya kusambaza stima mashambani. Tokeni ikikosa kuingia, piga *977# uitafute kabla hujanunua nyingine. Tunashangaa ni wangapi hununua mara mbili kwa haraka ya giza.

Usiku wa radi, na pesa za watu

Wateja wa kampuni yake wakiwa saa tano asubuhi mashariki mwa Marekani, Kiogoro ni saa kumi na mbili jioni, au saa moja usiku miezi yao ya baridi. Mikutano yake mingi iko hapo. Na kwa bahati mbaya, saa hizo za alasiri kuingia jioni ndizo mvua ya Kisii hupenda kupiga, na radi yake inajulikana nchi nzima.

Jioni moja ya Aprili ilipiga karibu. Rauta na inveta zikaungua. Kebo yake ya intaneti ni ya kioo, haipitishi umeme, lakini rauta ilikuwa imechomekwa ukutani na mshtuko ulipitia huko. Fundi aliyekuja alisema jambo ambalo tungependa kila mtu anayefanyia kazi nyumbani eneo hilo alisikie: ukisikia ngurumo, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Halafu nyumba iwekewe waya wa athi unaofika ardhini kweli, si ule wa kuonyesha tu.

Wiki hiyo Injinia alikuwa na zamu ya kazini, mfumo ukianguka usiku yeye ndiye anaamshwa. Alihitaji rauta asubuhi ile ile. Mshahara ulikuwa bado, salio halikutosha, akaingia ovadrafti ya simu kwa 6,500 akanunua rauta mjini Kisii. Mpaka hapo, sawa. Ovadrafti ni ya dharura na hii ilikuwa dharura.

Lakini alikuwa pia mweka hazina wa kamati ya mazishi. Alipewa kazi hiyo kwa sababu "anajua kompyuta na yuko nyumbani". Michango ilikuwa ikitumwa kwa laini yake, mia mbili, mia tano. Kufikia adhuhuri watu kumi na tisa walikuwa wametuma jumla ya 6,700. Daftari la katibu lilisema hivyo. Salio la Injinia halikufika hata mia moja.

Katibu ni mama wa umri wa mama yake. Alimwuliza kwa upole, na upole huo, anasema, ndio uliomchoma.

"Injinia mwanangu, pesa za watu ziko wapi?"

"Mama, simu imezikata."

"Simu ni nani?"

Jibu la swali hilo ni letu. Ovadrafti ya simu, iwe yetu au ya wenzetu, hujilipa yenyewe. Pesa yoyote inayoingia kwenye laini yenye deni inachukuliwa kwanza, na mfumo haujui kama ni mshahara wako au ni rambirambi ya jirani. Injinia alikopa kwa kaka yake akarudisha kabla ya jua kuzama, na jeneza likalipiwa kwa wakati. Bado alitembea nyumba tatu siku iliyofuata kueleza, kwa sababu Kiogoro neno "amekula" likishatoka halihitaji mtandao kusambaa.

Kama unashika pesa za kikundi, chama, mazishi, harambee, chochote, usizipokee kwenye laini yako. Tunasema hivi hata kama wewe huna ovadrafti leo. Kamati ile sasa ina akaunti ya kikundi kwenye Sacco yenye nambari yake ya Paybill, na kutoa pesa kunahitaji watu watatu. Injinia kazi yake imebaki kutuma taarifa kwa kundi la WhatsApp kila Jumapili jioni. Hapo kusema kweli ujuzi wa kompyuta ndio ulitakiwa tangu mwanzo.

Mtu aliye nyumbani saa nne

Jambo moja halikuonekana kwenye taarifa. Ushago, mtu mzima aliye nyumbani saa nne asubuhi ni mtu asiye na kazi. Injinia alikuwa akiitwa kushika ng'ombe apigwe sindano, kupeleka mgonjwa hospitali, kumjazia mtoto wa jirani fomu, katikati ya mkutano. Baba yake alimwuliza mara mbili kama amefutwa.

Dawa ilipatikana kwenye boma lenyewe. Esaiga yake ya ujana, kile kibanda wavulana hujengewa wakishatahiriwa, ilikuwa imebaki na kuku. Akaifagia, akavuta stima, akaweka meza. Sasa saa tatu asubuhi anavaa viatu, anawaambia wazazi "Bwakire", anatembea hatua ishirini na kufunga mlango. Watu wakaona mtu ameenda kazini. Jioni mkutano wa mwisho ukiisha anafunga kwa kufuli na laptopu inalala huko huko, isipokuwa wiki ya zamu. Mke wake anasema hilo limewasaidia kuliko sola.

Upande wa pesa, tulimpendekezea kitu kidogo. Tulichukua zile gharama zinazokuja bila hodi lakini zitarudi, yaani radi, rangi, paa na njia. Jumla yake ilikuwa 61,000. Ukigawanya kwa wiki 52 ni chini kidogo ya 1,200. Basi kila Jumatatu shilingi 1,200 zinahama zenyewe kutoka laini yake kwenda akiba iliyofungwa, ambayo ameipa jina "Mabati". Ukiwa na nyumba ya ukubwa mwingine, kiasi chako kitakuwa kingine. Omba taarifa ya miezi 12 kwenye programu yetu, chukua kalamu, zungushia duara. Usikadirie kwa kichwa. Injinia alikuwa amekadiria kwamba nyumba inamgharimu 80,000 kwa mwaka.

Na unapomlipa fundi au duka la vifaa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama hardware uliyoko inaitwa jina moja na skrini inaonyesha jina la mtu usiyemjua, uliza kwanza. Andika pia malipo ni ya nini pale penye nafasi ya maelezo. Kazi yetu ya kalamu nyekundu ingechukua saa moja badala ya mchana mzima.

Tulipoondoka, akiba ya "Mabati" ilikuwa na 9,600. Kesi ya urithi itatajwa tena mahakamani mwezi ujao, na nauli na ada za wakili hazikuwa kwenye duara lolote. Injinia alituomba karatasi nyingine tupu.