Mwimbie Kukhu Wimbo Anaoujua

  Leo hatuzungumzii dawa ya kumeza. Tunazungumzia nyimbo za zamani, na jinsi zinavyoweza kumsaidia mama mzee unayeishi naye, awe ni kukhu kwa Wabukusu, kogo kwa Wasabaoti au shosho kwa Wakikuyu wa Trans Nzoia.

Pengine unaye nyumbani mzee wa namna hii. Anaketi tangu asubuhi bila kusema neno. Ukimwuliza kama amekula, anajibu hajala, na sahani bado iko mapajani. Jina la mjukuu limempotea. Lakini siku redio ikipiga wimbo wa Daudi Kabaka, midomo inaanza kusogea, mguu unagonga sakafu, na maneno yanatoka yote kwa mpangilio. Watu wa nyumbani hushangaa. Wengine husema, "Kumbe anajifanya!"

Mama, hajifanyi. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao madaktari huuita dimensia, mara nyingi huanza kwa kuharibu kumbukumbu za karibuni: chakula cha leo, mgeni wa jana. Ya zamani hukaa zaidi. Na wimbo haukai mahali pamoja tu katika ubongo. Sehemu ya kusikia inafanya kazi, na ya kutembeza mwili, na ya hisia, na ya maneno. Kwa hiyo hata ugonjwa ukiharibu sehemu moja, wimbo unaweza kupata njia nyingine ya kutokea. Tena nyimbo zinazoshika kuliko zote ni zile mtu alizozisikia akiwa kijana, tangu miaka kama 10 hadi 30 hivi.

Basi fanya hesabu. Mama aliyezaliwa 1945 alikuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1965. Wakati huo redio ilikuwa Sauti ya Kenya, na santuri zilitoka Nairobi, ambako wanamuziki wa Equator Sound walikuwa wakirekodi. Fadhili William alikuwa ameimba "Malaika". Daudi Kabaka alikuwa akichezesha watu twisti, na wimbo wake "Helule Helule" ulivuka bahari hadi Uingereza, bendi ya The Tremeloes ikauimba mwaka 1968. Wote wawili walifariki mwaka 2001, lakini redio bado zinawapiga katika vipindi vya zilizopendwa. Kama mama huyo alizaliwa 1955, sogea mbele kidogo, mtafutie nyimbo za miaka ya 1970, kama za Gabriel Omolo.

Lakini usidhani kila msichana wa siku zile alikuwa na redio. Wengi hawakuwa nayo. Nyimbo zao ni zile za kusaga wimbi kwa jiwe, za kubembeleza mtoto, za harusi, na zile zilizochezwa kwa mabega, kamabeka, litungu likilia. Hizi huwezi kuzinunua dukani. Muulize dada yake, au jirani wa rika lake, msichana wa siku zile alikuwa akiimba nini. Kitale imejaa watu waliotoka sehemu nyingi, kwa hivyo usimpe kila mzee wimbo wa Kibukusu ukafikiri umemaliza. Kwa waliokulia kanisani, nyimbo za kitabu cha Tenzi za Rohoni mara nyingi hufungua mdomo upesi kuliko kitu kingine.

Hata Japani, nchi ambayo karibu watu 3 kati ya kila 10 wamefikisha miaka 65, wazee huimbishwa nyimbo za utotoni wao. Mmoja wanaoupenda sana unaitwa "Furusato", maana yake kijiji cha nyumbani, na umefundishwa shuleni tangu 1914. Mwingine ni wa Kyu Sakamoto wa mwaka 1961. Sisi hatuhitaji nyimbo zao. Tunazo zetu, tena hazina gharama.

Sasa, unafanyaje? Mketishe wima, miguu ikanyage chini, na umpe maji kidogo kwanza. Zima televisheni. Anzisha wimbo wewe mwenyewe, polepole na kwa sauti ya chini, kwa sababu sauti ya mzee haipandi kama ya kwaya ya vijana. Akishika, mwachie aongoze. Akikosea maneno usimsahihishe, na usimtahini, "Huyu aliyeimba ni nani?" Dakika 10 au 15 zinatosha. Ukiona anapumua kwa shida au anasikia kizunguzungu, mpumzishe.

Wakati mzuri kuliko wote ni ule wa kuoga. Mama nyingi hulalamika kwamba mzee anakataa maji, anapiga kelele, anasukuma. Kule Uswidi watafiti waliona kwamba mtunzaji akiimba wakati wa kumhudumia asubuhi mgonjwa wa dimensia, mgonjwa hutulia na kushirikiana zaidi. Anza kuimba kabla ya kumgusa. Endelea mpaka umemvika nguo.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa ripoti iliyokusanya utafiti mwingi juu ya sanaa na afya, na uimbaji umo. Wimbo hupunguza upweke na huzuni. Hata hivyo hauponyi dimensia, wala hauchukui nafasi ya dawa za presha au za sukari. Hizo aendelee kumeza kama alivyoagizwa.

Mara nyingine wimbo utamliza. Usiogope. Mshike mkono, nyamaza naye. Lakini akilia kila ukiuimba, huenda ni wimbo wa msiba fulani, basi uache.

Na jambo moja zito. Kuna wazee wanaoitwa wachawi kwa sababu wanazungumza peke yao au wanatangatanga usiku. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Mtu akianza maneno hayo kuhusu mama yako, mwite mhudumu wa afya ya jamii au chifu mapema, kabla maneno hayajafika sokoni. Na kama usahaulifu umeanza ghafla, kwa siku chache tu, usingoje. Mpeleke hospitali, kwa maana huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo au kiharusi. Anayekohoa zaidi ya wiki 2 naye apimwe kifua kikuu kabla hamjaketi kuimba pamoja chumbani.

Wiki ijayo tutazungumzia miguu inayovimba.