Historia na Miujiza katika Habari za Wakilindi

Vitabu vya historia vya Kiswahili vinavyosomeka kwa raha ya hekaya, vikafaa kuchukuliwa likizoni wakati wa kaskazi na kusomwa barazani bila ya kalamu mkononi, si vingi. Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, ni kimojawapo. Kilipigwa chapa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907 na misheni ya Kianglikana ya Magila, katika nchi ya Bonde nyuma ya Tanga, na J. W. T. Allen akakihariri upya mwaka 1962. Mwandishi ni Mwislamu wa pwani, wachapaji ni wamisionari wa Kikristo, na habari zenyewe ni za wafalme wa milima ya Usambara. Hata hivyo wasomaji wake hugawanyika. Mwanahistoria hutafuta vita na nasaba, akayaruka maajabu. Mwanafasihi huyashika maajabu, akaziacha nasaba. Kila mmoja hutoka na nusu ya kitabu.

Maajabu yamejaa zaidi mwanzoni, katika kisa cha Mbegha. Huyu alizaliwa Nguu akiwa kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na kwa desturi mtoto wa namna hiyo hakuachwa aishi. Wazazi wake walimficha. Walipokufa, jamaa walimnyima urithi na kumtwisha lawama ya kila msiba uliowapata. Alikimbilia Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mtawala. Mwana huyo akauawa na nguruwe mwitu mawindoni, na Mbegha akatoroka tena, na vijana wenziwe, mbwa na dawa zake. Alipofika Usambara hakuwa na jeshi. Aliwagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani. Akaamua magomvi yao, akawaulia wanyama waharibifu. Safarini kwenda Vugha akaua simba, na Simba Mwene likawa jina la heshima la wafalme waliomfuata.

Swali la kwanza ambalo kisa hiki humwachia mwanahistoria ni jepesi kulitamka, gumu kulijibu: kwa nini wenyeji walimkubali mgeni asiye na askari? Ukiuondoa uganga, jibu linatoweka. Steven Feierman, katika utafiti wake wa ufalme wa Washambaa uliochapishwa mwaka 1974, alikichukua kisa cha Mbegha kuwa visasili vyenye mpango wake, ambamo mtu wa porini na wa nyama mbichi anageuzwa kuwa mwenye mji. Katika kitabu chake cha 1990 alieleza pia semi mbili za Kishambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuidhuru. Mtawala mwenye nguvu ya mvua aliweza kufanya yote mawili. Kwa hiyo kigego anayeogopwa kwao na mganga anayepokewa Vugha ni mtu yuleyule, na hofu ileile iliyomfukuza ndiyo iliyomtawaza. Hili ni wazo la siasa, na halikuandikwa kwa lugha nyingine isipokuwa ya miujiza.

Kadiri kitabu kinavyokaribia zama za mwandishi, ambaye aliishi Usambara miongoni mwa Wakilindi, hewa hubadilika. Kimweri ye Nyumbai, ambaye Krapf alimzuru Vugha mwaka 1848 na 1852, anafariki katika miaka ya 1860; Semboja anajiimarisha Mazinde, kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani; bunduki na biashara ya watumwa zinachukua nafasi ya simba na nguruwe. Kisha Wabondei wanainuka katika uasi ulioitwa Kiva na kuwafukuza Wakilindi. Hapo msomaji aliyekisoma kisa cha Mbegha kwa makini anaona kitu ambacho aliyekiruka hawezi kukiona: ridhaa iliyotolewa bila ya silaha imerudishwa na walioitoa.

Masikio ya pwani yalikwisha zoea mchanganyiko wa namna hii, kwani tenzi za vita vya Mtume ziliweka majini na majitu pamoja na maswahaba wa kweli. Haikuwa lazima, lakini, kila mwandishi wa upande huo afuate njia hiyo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliwageuza ndugu wa Adili kuwa manyani katika Adili na Nduguze (1952), lakini akaiweka hadithi katika nchi ya Ughaibuni, isiyoonekana katika ramani yoyote. Msomaji hana shauri la kufanya juu ya ukweli wa manyani wale. Ajjemy hampi nafuu hiyo. Vugha ipo, Mazinde ipo, na toleo la Allen lilipotoka mwaka 1962 utawala wa machifu wa Tanganyika ulikuwa ukielekea kufutwa, na wajukuu wa Mbegha walikuwa miongoni mwao.