Betri ikizima, usikimbilie dukani

NI saa kumi alfajiri, Ilula mkoani Iringa. Matenga ya nyanya yamepangwa juu ya pikapu, wateja wanasubiri sokoni mjini. Dereva anapiga stata, kinachosikika ni mlio wa "tik, tik" tu. Jua likipanda bei ya asubuhi inapotea, vijana waliosukuma gari wanataka chao, na ikifika saa nne mwenye mali anachomoa fedha za mtaji kununua betri mpya.

Hali kama hii huwapata wakulima na wafanyabiashara wengi wenye gari moja la kazi. Hasara huwa kubwa zaidi pale betri ya zamani inapokuwa haina kosa. Kama tatizo ni mkanda wa alteneta uliolegea, betri mpya nayo itazima baada ya siku chache, na mtaji utakuwa umepungua bure.

Pima kwanza

Fundi umeme mwenye mita anaweza kumaliza ubishi kwa dakika chache. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki na chaji nusu, na chini ya 12 imeisha. Kisha injini iwashwe. Kwa magari mengi mita hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, ugonjwa uko kwenye alteneta, mkanda au waya zake, na betri mpya haitautibu.

Asiye na mita awashe taa kubwa huku akipiga stata. Zikififia sana, betri haina nguvu au vibanio vya waya vimelegea au vimeota kutu. Zikiendelea kuwaka vizuri na injini haizunguki, itazamwe stata pamoja na waya zake.

Kipo pia kipimo cha usiku mmoja. Betri ichajiwe mpaka ijae, itolewe kwenye gari na iachwe mezani. Asubuhi ikikutwa imeshuka sana, imekufa. Ikibaki imejaa mezani lakini ndani ya gari inaisha, kuna kitu kinachokula umeme, kama vile redio, king'ora au taa ya ndani isiyozimika.

Kubusti bila kuumia

Betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, hivyo sigara na kibatari vikae mbali. Magari yote mawili yawe ya volti 12. Lori la volti 24 lisitumike kubusti pikapu. Magari yasigusane, na yote yawe yamezimwa.

Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Gari zima liwashwe, lisubiriwe dakika chache, ndipo gari bovu lipigwe stata. Likiwaka, waya zitolewe kwa kurudi nyuma, ukianza na ule wa mwisho. Gari la gia za otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

Kuunguruma dakika 10 kijiweni hakujazi betri. Kinachofaa ni chaji ya polepole: betri ya Ah 45 ichajiwe kwa ampea 4 hadi 5 kwa saa kama 10.

Kinachofupisha maisha yake

Adui wa kwanza ni kuiacha bila chaji. Ikikaa hivyo, sahani zake za risasi huota gamba gumu la salfeti ambalo baadaye halitoki. Taa kubwa 2 za wati 55 zinaweza kumaliza betri ya Ah 45 kwa saa 5 hivi. Spika ya mnadani inayopiga muziki injini ikiwa imezimwa nayo hula polepole. Safari fupi za kila siku hazirudishi chaji iliyotumika kupiga stata.

Adui wa pili ni joto, ambalo hukausha maji. Betri yenye vifuniko vya kufungua ikaguliwe kila mwezi, na sahani zikionekana juu ya maji iongezwe maji safi ya betri yasiyo na tindikali. Maji ya kisima yana chumvi zinazoharibu sahani. Ukungu mweupe kwenye vichwa uoshwe kwa maji ya moto na magadi soda, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha vipakwe grisi. Wakati wa kufungua waya, hasi itangulie kutoka na iwe ya mwisho kurudi.

Wapo wanaofunga betri ya gari kwenye sola ya nyumbani. Betri hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ikimalizwa chaji kila usiku huchakaa upesi, na ni nafuu kutafuta betri ya sola.

Hesabu yake

Ukichukua mfano wa betri ya Sh150,000, ikidumu mwaka mmoja inagharimu Sh12,500 kwa mwezi. Ikidumu miaka mitatu, gharama inashuka chini ya Sh4,200. Hapo haijahesabiwa nyanya iliyooza.

Hata ikifa kweli, isivunjwe nyumbani. Risasi yake hudhuru ubongo wa watoto, na wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathirika kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofungwa mwaka 2014. Ipelekwe nzima kwa muuzaji anayepokea betri za zamani na kupunguza bei ya mpya. Ila kabla ya kufika huko, mita ya fundi iwe imeshasema kwamba betri ndiyo yenye kosa.