Ushirikiano wa Wadau katika Usalama na Afya ya Wajenzi: Nafasi ya Kamati za Ujenzi Wilayani Lushoto

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne kuteua wawakilishi wa usalama na afya. Kigezo hicho kinafaa kiwandani. Katika ujenzi wa vijijini wilayani Lushoto kinaacha pengo, kwa kuwa kazi hugawanywa: mchimba msingi huja na vibarua wawili, mwashi watatu, seremala mmoja. Eneo moja laweza kuwa na watu tisa, na asiwepo mwajiri hata mmoja anayeifikia idadi hiyo.

Milimani pengo hilo lina uzito zaidi. Huko Soni au Magamba, kiwanja aghalabu hupatikana kwa kukata mteremko. Ukingo wa udongo ulioachwa wima nyuma ya msingi, ukilowa mvua za masika, waweza kumporomokea yeyote aliye chini yake, awe kibarua wa nani. Ndiyo maana Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1988 unataka, panapokuwa na waajiri wawili au zaidi katika eneo moja, mkandarasi mkuu au mwenye udhibiti wa eneo hilo aratibu hatua za usalama.

Katika utaratibu wa fosi akaunti, ambapo madarasa na zahanati hujengwa na mafundi wa eneo husika, mkandarasi mkuu hayupo. Bodi ya Usajili wa Makandarasi basi haina wa kumbana. OSHA ina wakaguzi, lakini mkaguzi huja na kuondoka, ilhali ukingo hubadilika kwa mvua ya usiku mmoja. Anayebaki hapo kila siku ni kamati ya ujenzi. Kamati hiyo na wenzake wa manunuzi na mapokezi hufuatilia saruji na mabati kwa makini ya kupigiwa mfano. Usalama wa mchimbaji hauna daftari.

Mtafiti anaona kuwa OSHA iwafunze wajumbe hao kukagua kingo na majukwaa, halmashauri igharimie mirunda ya kuegemeza udongo, na kamati ipewe mamlaka ya kusimamisha kazi. Ugumu upo katika malipo. Fundi hulipwa kwa hatua iliyokamilika. Siku iliyosimamishwa ni hasara yake na ya vibarua wake, naye atashuka shimoni hata akikatazwa. Mkataba wa fundi usipotamka kwamba siku hiyo italipwa, mamlaka ya kamati yatabaki kwenye karatasi.